Washa Mbili za Shaba

Karibu petroli yote inayochomwa Kenya hupita ubavuni mwa Changamwe, Mombasa, kabla haijafika popote. Meli zinafunga Kipevu, mafuta yanasukumwa kwenye matangi, kisha yanashika njia ya bomba iliyoanza kuyapeleka Nairobi mwaka 1978. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi hapa mwaka 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013, lakini malori ya tangi hayajapungua barabarani, na mtoto wa Chaani au Magongo huijua harufu ya petroli kabla hajaujua usukani. Ndiyo maana inauma kuona gari zuri limekwama kwenye gereji ya mtaa huohuo kwa kukosa mafuta, ilhali tangi limejaa.

Gari lenyewe ni Toyota Celica GT-Four, toleo ambalo mafundi hulitaja kwa namba yake, ST185. Likisimama linanguruma vizuri. Ukitoka nalo, gia ya kwanza na ya pili hakuna neno. Ukiingia ya tatu na turbo ikaanza kusukuma, injini inakohoa mara mbili, inalegea, halafu inarudi kana kwamba haikuwa na lolote. Mwenye gari alikwisha kubadilisha plagi, koili na hata pampu ya petroli. Hakuna aliyemuuliza filta ya petroli ilibadilishwa lini, na yeye mwenyewe hakujua kwamba ipo.

Wakenya wana haki ya kulipenda gari hili. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake yote ni magari machache yaliyoitawala kama ST185 ilivyoitawala: Carlos Sainz alishinda nayo mwaka 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan 1994, Yoshio Fujimoto 1995. Mwaka ule wa Kankkunen, Celica zilishika nafasi 4 za kwanza. Na ushindi wa Duncan ulikuwa wa kwanza kwa dereva wa Kenya tangu Shekhar Mehta aliposhinda kwa Datsun mwaka 1982. Waliokuwa watoto wakati ule, wakisimama kando ya barabara wakipakwa vumbi, ndio watu wazima wanaoyatunza haya machache yaliyobaki.

Tena ni machache kwelikweli. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS, hakiruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likishapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. ST185 iliacha kutengenezwa mwaka 1993. Maana yake ni kwamba hakuna nyingine itakayoshuka bandarini ikiwa na breki, bomba na nati ambazo hazijaguswa na fundi. Ulichonacho ndicho hicho. Nati moja ya bomba ikiharibika kwa spana mbaya, utaitafuta kisiwani siku nzima, kisha utapiga simu Kirinyaga Road kule Nairobi, na huenda mwisho wake ukaambiwa ulikate bomba lote na kuweka jingine. Kwa hiyo nikiandika juu ya filta na sili zake, siandiki juu ya kitu kidogo.

Tuanze na kinachoziba filta. Watu wa pwani hulaumu vituo vya mafuta kwanza, na lawama hiyo ina msingi wake. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulienea hata serikali ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili wachanganyaji wakose faida. Lakini filta haina habari na mafuta ya taa. Yanayeyuka ndani ya petroli na kupita kwenye karatasi bila kuacha alama, yaende kuiumiza injini. Kinachokamatwa na filta ni kile kisichoyeyuka: kutu, mchanga, tope, vipande vya mpira wa bomba la zamani. Karatasi ya filta ya gari la nozeli huzuia chembe za takriban mikroni 10, na unywele wa mtu una takriban mikroni 70. Uchafu ninaouzungumzia hapa huuoni kwa macho mpaka umejikusanya.

Na mwingi unatoka ndani ya gari lenyewe. Gari la spoti la zamani halitembei kila siku. Linakaa Kisauni chini ya turubai, tangi likiwa nusu, kuanzia harusi moja mpaka nyingine. Mchana hewa ya tangi inapanuka na kutoka, usiku inapoa na kuvuta nyingine ndani, na hewa ya Bamburi au Shanzu imejaa unyevu wa bahari. Unyevu huo unageuka matone kwenye dari la tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka chini kabisa, pale pampu inapovutia. Chuma cha tangi kinaanza kushika kutu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeosha wala kupaka rangi. Nakubaliana na mafundi wanaosema kwamba gari la pwani lisilotembea linachakaa kuliko linalotembea. Mwenye gari la namna hii na alijaze tangi kabla ya kulifunika. Hewa ikikosa nafasi, maji nayo yanakosa.

Filta ikiziba kwenye gari la kawaida, gari linakuwa zito, basi. Kwenye injini ya turbo hesabu ni nyingine. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na kompyuta inafungua nozeli ikitarajia petroli ya kulingana nayo. Petroli isipofika, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, mlipuko unakuja kabla ya wakati wake, na pistoni inaanza kula kingo zake. Kile kikohozi cha gia ya tatu ni onyo. Dereva anayekanyaga zaidi ili kukishinda anaiua injini kwa mguu wake mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Celica hii filta iko chini ya boneti, kopo la chuma lenye ukubwa wa ngumi. Juu inashikwa na bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati ambamo petroli hupita, ikiwa na washa juu na washa chini ya kichwa cha bomba. Chini inaingia nati ya bomba la chuma linalotoka kwenye tangi. Baina ya hizo mbili, petroli inasukumwa kwa presha ya bar 2.5 hadi 3, juu kidogo ya ile ya tairi la gari dogo. Presha hiyo haiondoki ukizima injini. Inabaki ndani ya bomba kwa saa nyingi ikimngoja atakayefungua.

Fundi niliyemtazama Magongo alianza kwa kuliacha gari lipoe tangu asubuhi. Akachomoa plagi ya umeme ya pampu, akawasha injini, ikanguruma kidogo ikafa kwa kumaliza petroli iliyokuwa kwenye bomba. Akapiga stata mara nyingine kuhakikisha. Kisha akatoa teminali ya hasi ya betri. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona gereji nyingi: akatembea mpaka kwa jirani yake anayechomelea vyuma, akamwomba aweke kazi kando kwa muda, na akamwambia mama wa chapati asogeze jiko upande wa pili wa barabara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautandi juu ukapotea; unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia shimoni, na ukikutana na makaa umbali wa hatua kadhaa moto unarudi kwa njia uliyopitia. Kando ya gurudumu akaweka kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga. Maji hakuyaweka, kwa sababu petroli huelea juu ya maji ikaendelea kuwaka.

Nati ya chini ndiyo iliyomla muda. Hewa ya chumvi ilikuwa imeishikanisha na bomba lake, na hapo ndipo mafundi wengi huharibu: wanatia spana ya kawaida yenye mdomo wazi, inateleza, pembe za nati zinakuwa mviringo, wanaleta koleo, na bomba linajipinda kama kamba. Yeye alikuwa ameipulizia mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku wa jana, akaja na spana ya bomba, ile inayoikumbatia nati pande zote isipokuwa pale bomba linapopita. Spana ya pili akaishikia mwili wa filta usizunguke. Hakuivuta kwa nguvu. Aliisukuma kidogo upande wa kukaza, akasikia imekubali, ndipo akageuza kulegeza. Ikatoka na chozi la petroli, akalipokea kwa kitambaa.

Bolti ya juu ilitoka vyema, na pamoja nayo zile washa 2. Mwenye gari akazichukua, akazifuta kwa kidole.

"Fundi, hizi mbona nzima? Zirudishe tu."

"Bosi, washa ikishabanwa mara moja haina kazi tena. Hii ukiirudisha italia petroli wiki hii hii."

Akamwonyesha. Kwenye uso wa kila washa kulikuwa na duara lililochimbika, alama ya ukingo wa bolti ulipokuwa umekaa miaka yote hiyo. Washa ya namna hii haizibi kwa kukazwa sana. Inaziba kwa kuwa laini. Inapobanwa mara ya kwanza, shaba inatiririka kidogo na kujaza mikwaruzo yote midogo ya chuma kinachoigusa, na hapo hapo inakuwa ngumu. Ukiifungua na kuirudisha, duara la zamani haliwezi kukutana tena na ukingo ule ule, na shaba iliyokwisha kuwa ngumu haina cha kutiririsha. Fundi akiona inavuja anakaza zaidi. Akizidisha, anakata nyuzi za kichwa cha filta, au bolti ya banjo inakatika pale penye tundu, ambapo ni nyembamba kuliko kwingine kote. Kitabu cha Toyota kinataka takriban Nm 30 kwenye bolti hii, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya kawaida, bila kuongeza bomba la kurefushia.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Tumezoea kusema "nimebadilisha filta" tukiwa tumebadilisha kopo tu. Filta chafu italichelewesha gari au kuiumiza injini. Sili mbovu itaupeleka mvuke wa petroli juu ya nyumba ya turbo, ambayo ikifanya kazi hupita nyuzi joto 600, joto la kutosha kuwasha petroli bila cheche yoyote. Baina ya vitu hivyo viwili, mwenye gari hubishania bei ya kile cha kwanza na kukisahau cha pili, ambacho kinagharimu kama kikombe cha chai.

Pwani hii inajua sili mbovu inaweza kufanya nini, hata kama tukio lenyewe lilikuwa mbali na bahari. Tarehe 12 Septemba 2011, gasketi ya vali ilishindwa kuhimili presha kwenye kituo cha bomba la mafuta eneo la Lunga Lunga, Nairobi, lile bomba linaloanzia hapa kwetu. Petroli ikatiririka kwenye mtaro ulioelekea mtaa wa Sinai. Watu wakatoka na ndoo na makopo. Moto ulipokuja uliua takriban watu 100. Kipande kidogo cha kuzibia, kati ya vyuma viwili, kilitosha. Siyaweki sawa maafa yale na gari la mtu mmoja, lakini kanuni ya petroli ni ile ile kwenye bomba la kilomita 450 na kwenye bomba la upana wa penseli.

Je, washa mpya zikikosekana? Hili ni swali la haki, kwa sababu spea za magari haya hazipatikani kila duka. Kuna njia ya zamani ambayo ni halali kwa shaba peke yake. Washa inapashwa moto mpaka iwe nyekundu, halafu inaachwa ipoe au inatumbukizwa majini. Shaba haiwi ngumu kwa maji kama chuma cha pua, inabaki laini. Kisha inasuguliwa kwa msasa laini juu ya kioo mpaka lile duara lifutike na uso uwe sawa. Washa ya aluminiamu usiijaribu hivyo. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, kabla haijaonyesha wekundu wa kukuonya, na utabaki na tone mkononi. Na kazi hii ya kupasha inafanywa mbali na gari, kabla ya kufungua chochote.

Njia zisizo halali ni nyingi. Gundi ya silikoni ndiyo niionayo zaidi: inapakwa kuzunguka banjo, inakauka vizuri, kisha petroli inaianza. Silikoni ya kawaida huvimba na kulainika ndani ya petroli, inachanika vipande vidogo, na vipande hivyo viko upande wa baada ya filta. Vinaishia kwenye nozeli. Umeziba tone la nje na umefunga koo la injini. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao hauna mahali hapa. Nati ya bomba la chini haina washa wala haihitaji utepe. Koni ya bomba inakaa ndani ya koni ya filta, chuma kwa chuma, na kuziba kwake kunategemea nyuso hizo mbili ziwe safi. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ianze kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kushika spana, basi.

Oringi za mpira zina kisa chao, hasa zile za nozeli na za kifuniko cha pampu. Mpira mweusi unaouzwa kwa pakiti mchanganyiko mara nyingi ni wa maji au wa hewa, na petroli huufanya uvimbe kama dengu zilizolowekwa. Omba wa nitraili uliokusudiwa mafuta, au Viton kama oringi itakaa karibu na turbo na joto letu la Machi. Bomba za mpira vilevile: ule mrija wa plastiki unaoangaza, unaotumika kwenye bodaboda, haukutengenezewa bar 3. Unakuwa mgumu, unapasuka kwenye klipu, na hutokea gari likiwa limesimama.

Foleni ya feri ya Likoni ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kugundua hilo. Gari limepanda kutoka Ukunda likiwa moto, limezimwa, hewa haipiti chini ya boneti, na joto la injini linapanda kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa badala ya kushuka. Presha kwenye bomba ingalipo. Washa iliyokuwa ikilia kidogo inaanza kudondosha. Kulia na kushoto kuna magari yamebanana na watu wanapita katikati na mizigo. Ukinusa petroli pale, usiseme ni la jirani. Fungua boneti ukiwa bado kwenye foleni, kabla hujaingia chomboni, na kama ni lako ondoka kwenye mstari.

Wenye magari ya kabureta, kama Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, wana nafuu kidogo. Presha yao haifiki hata nusu bar, filta ni kikopo cha plastiki unachokiona ndani, na klipu 2 zinatosha. Nafuu hiyo isiwalevye. Mpira wa miaka 50 ni mpira wa miaka 50.

Kwenye Celica, filta mpya ilikaa mshale wake ukielekea injini. Fundi aliichunguza kabla ya kuifunga, kwa kuwa filta bandia zimejaa sokoni na sheria ya mwaka 2008 iliyounda mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia haijazimaliza: alitazama nyuzi kama zimekatwa safi, akaitikisa kusikia kama kuna kinachocheza ndani, akaipima uzito mkononi pamoja na ya zamani. Alipomaliza kukaza hakuwasha injini. Toyota za enzi hiyo zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Swichi ikiwa imewashwa, ukiunganisha tundu la Fp na la +B kwa waya mfupi, pampu inazunguka injini ikiwa imelala. Bomba likajaa, presha ikapanda, naye akaizungusha tochi na karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Karatasi ilirudi kavu. Ndipo akawasha, akaacha injini ipate joto, akazima, akangoja, akaangalia tena. Huo ukaguzi wa mwisho, injini ikiwa moto na imezimwa, ndio unaorukwa na wengi.

Filta ya zamani alikuwa ameigeuza juu ya kitambaa cheupe, petroli itoke kwa mdomo ilioingilia. Ilitoka ya rangi ya chai. Akaiacha ikauke juani, kisha akaikata kwa msumeno wa mkono, si kwa grainda inayotoa cheche. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imejaa unga mwekundu mpaka ikashikana. Ingekuwa nyeusi, kosa lingekuwa la mpira wa bomba unaojichubua. Ingekuwa ya rangi ya tope, angemtuma mwenye gari abadilishe kituo anachojaza. Nyekundu ni tangi. Na pampu mpya aliyofungiwa kwingine ilirudishiwa ile soksi ya zamani, kichujio cha mdomoni mwa pampu, iliyokuwa chini ya pampu ya kwanza, kwa hiyo kutu hiyo bado inavutwa. Tangi linashushwa Jumanne, lioshwe na kupimwa kama litafaa, na soksi imeagizwa Nairobi pamoja na filta ya pili na washa 4, kwa sababu hii aliyoifunga leo itajaa tena kabla ya mwezi kwisha.